Chupa Iliyovuliwa Kimpira

Nyumba ile ilikuwa ndogo, lakini sheria zake zingetosha mahakama nzima. Chupa za plastiki, gunia la kwanza kwenye roshani. Karatasi na maboksi, gunia la pili. Chupa za kioo na makopo, gunia la tatu, lile lililomkwaruza mguu kila aliyekwenda kuanika nguo. Maganda na mabaki ya jikoni yalikwenda kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya sinki. Vifuniko vya chupa vilikaa katika kopo juu ya friji. Kamba, vifungo na vimpira vya kufungia vilikwenda mezani kwa cherehani, kwa sababu fundi nguo hatupi kitu kinachoweza kufunga kingine. Aliyetunga sheria hizo ndiye fundi mwenyewe, mama wa nyumba, na mumewe alimbandika jina la Bibi Afya. Jina likashika hadi majirani wa ghorofa zote wakalitumia, wachache kwa heshima, wengi kwa kumcheka.

Wacha wacheke, alisema, akaendelea kuchambua. Lakini tuseme kweli, ile ni kazi ya kumvunja mtu moyo. Nafasi hakuna, roshani yenyewe inatosha kiti na nusu. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na chupa isiyooshwa inaita mende, na mende kuonekana nyumbani kwa mpuliza dawa ya wadudu, kama alivyo mumewe, ni aibu ya kumhamisha mtu mtaa. Ukishachambua, ukaosha, ukafunga vizuri, linakuja lori la taka, vijana wanabeba magunia yako yote na kuyamwaga pamoja na nepi za jirani. Siku Bibi Afya alipoliona hilo kwa macho yake alikaa kwenye ngazi akalia, wala hakuona haya. Kisha akafuta kamasi, akaenda kumtafuta mwanamke aitwaye Dada Magunia, mwenye yadi ya kununua plastiki nyuma ya gereji. Wakakubaliana awe anapita kila wiki kuchukua chupa nzima, zisizo na lebo, wala kifuniko, wala chochote shingoni. Chupa za namna hiyo hazikwenda kusagwa. Dada Magunia aliwauzia wauza juisi.

Mumewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mzembe wa taka tu. Kazi yake ilikuwa kuua kunguni na mende majumbani mwa watu, anazunguka na pikipiki na pampu mgongoni, na akirudi huacha kitu popote mkono unapochoka. Gazeti juu ya jiko. Maganda ya chungwa kwenye gunia la karatasi. "Mke wangu," angesema, "mimi nimeoa au nimeajiriwa na halmashauri?"

Mgumu zaidi alikuwa mama mkwe. Tangu ahamie kwao baada ya kufiwa, mama huyo hakuyaamini maji ya nyumba ile hata yachemshwe vipi. Kila asubuhi aliagiza chupa ya maji dukani, akainywa, na ile tupu akaisukumia chini ya kiti. Kesho tena. Kila Bibi Afya alipofagia, chupa zilitoka chini ya kiti zikibingirika moja baada ya nyingine. Alivumilia miezi, akijikaza kisabuni, mpaka wiki iliyopita uvumilivu ukakatika.

"Mama, chupa zako peke yake zitatuzika," alisema. "Kwani shida gani ukichukua moja, ukajaza maji ya kuchemsha, ukaitumia tena?"

"Mwanangu, mimi nimelea watoto bila gunia kwenye roshani," mama mkwe akajibu taratibu, "na hakuna aliyekufa."

Baada ya hapo alinuna. Akila, ananuna. Akisalimiwa, anaitikia kwa pua. Bibi Afya alijua amevuka mpaka, lakini kuomba radhi ilikuwa ngumu, hasa kwa mtu anayejua yuko sahihi. Isitoshe mafua yalikuwa yamemshika barabara. Pua iliziba kabisa, mpaka siku moja aliunguza chakula na kuambiwa na jirani wa juu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mchana ule, jua la kuchoma, mama mkwe yuko ghorofa ya chini kwa rafiki yake wakitazama tamthilia, mtoto yuko shule, na Bibi Afya ameinamia gauni la mteja lenye mkunjo usiotaka kukaa. Mumewe akaingia na kofia ya pikipiki kichwani. Akaangalia nyuma ya mlango wa jikoni. Akaangalia chini ya sinki. Akarudi tena nyuma ya mlango.

"Kuna chupa niliiacha hapa jana. Iko wapi?"

"Chupa gani?" Bibi Afya alikuwa na pini midomoni. "Nyumba hii ina chupa kuliko watu."

"Ndogo, ya maji. Ina kimpira chekundu shingoni."

Bibi Afya alinyoosha mkono kuchukua mkasi, na mumewe akaacha kutafuta. Alikuwa anautazama mkono ule. Bibi Afya naye akautazama. Kifundoni kilikuwepo kimpira chekundu, kilipokaa tangu jana, kwa sababu alikivaa akiwa na nia ya kukirudisha mezani na akasahau.

"Umekitoa wapi hicho?" mumewe akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye chupa. Ulikuwa umeitelekeza pale pale karibu na ndoo, kama kawaida yako. Nikaisafisha, nikaitia gunini."

"Ilikuwa na kitu ndani."

"Ilikuwa na maji kidogo, nikayamwaga."

Mumewe akavua kofia. Uso ulikuwa umemshuka. "Yale hayakuwa maji," akasema.

Pini zilimponyoka midomoni zikatawanyika kwenye gauni. Mumewe akaeleza harakaharaka, akirukaruka maneno. Dawa kali hununuliwa kwa dumu kubwa, na dumu hilo linakaa stoo ya kampuni chini ya kufuli. Lakini kwa kazi ya chumba kimoja viwili, nani abebe dumu zima kwenye pikipiki? Kwa hiyo yeye humimina kidogo kwenye chupa ya maji. Dawa yenyewe haina rangi, ukiiona utadhani maji, ndiyo maana anaivisha kimpira chekundu shingoni, na tumboni mwa chupa anakwaruza mistari kwa msumari apate kipimo. Jana simu ililia, akaiweka chupa chini, akaisahau.

"Sumu kwenye chupa ya maji?" Bibi Afya alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Ndani ya nyumba yenye mtoto?"

"Nilikwambia siku moja. Nilikwambia yenye kimpira isiguswe."

"Hukuniambia!"

Huenda alimwambia. Huenda alimwambia yeye akiwa anapiga cherehani, na cherehani ile ina kelele za kumeza maneno. Hakuna aliyekuwa na hakika, na halikuwa jambo la kubishania sasa. Bibi Afya alikuwa anakumbuka jinsi alivyofanya jana. Aliivua kimpira. Aliibandua lebo. Aliimwaga kwenye sinki, na pua yake iliyoziba haikumwambia kitu. Bomba lilikuwa kavu, kwa hiyo alichota kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji, akakitia chupani, akatikisa. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Akadhani ni sabuni. Akaridhika hata, kwamba mumewe angalau leo ameosha kitu. Akamwaga, akaona weupe bado umebaki pembeni, akasema moyoni Dada Magunia ataimalizia.

Akamweleza mumewe yote. Mumewe akashika kichwa. "Kikombe kimoja hakitoi kitu," akasema. "Ile inaganda kwenye plastiki. Inataka kuoshwa na kuoshwa, halafu chupa itobolewe isitumike tena."

"Na mtu akinywea?"

"Inategemea imebaki kiasi gani. Mate yanajaa mdomoni. Jasho linatoka hata kama hakuna joto. Kope zinachezacheza zenyewe, tumbo linakata. Asitapishwe. Akimbizwe hospitali, na chupa iende naye, daktari aione." Alikuwa anasema kama mtu anayekariri masomo ya siku nyingi. "Gunia liko wapi?"

Gunia lilikuwa limekwenda. Dada Magunia alipita asubuhi, Bibi Afya akiwa amepeleka nguo kwa mteja, na mama mkwe ndiye aliyemfungulia. Na Dada Magunia akishachukua, mchana uleule chupa zinamfikia Mjomba. Mjomba ndiye muuza juisi wa kwenye geti la shule, watoto wote humwita hivyo, na mtoto wao wa kike hakuwahi kutoka shule bila kupita kwa Mjomba. Waliangaliana mume na mke. Mume alishatoka mlangoni.

"Mimi naenda shule," akapiga kelele kutoka kwenye ngazi. "Wewe nenda yadi!"

Bibi Afya alitoka na kandambili, mkasi bado mkononi. Akagundua chini barabarani, akauacha kwa muuza vocha. Yadi haikuwa mbali lakini jua lilikuwa la utosini, na mtu mwenye mafua akikimbia huvuta hewa kwa mdomo tu, koo likamkauka likawa linachoma. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Kila aliyepishana naye, macho yake yalikwenda mkononi kwa mtu huyo. Mwenye chupa ya maji. Mwenye chupa ya soda iliyojazwa maji. Mama amekaa kivulini, amebeba mtoto, anamnywesha kwenye chupa isiyo na lebo. Bibi Afya alisimama akaikodolea macho chupa ile mpaka mama yule akamgeuzia mgongo. Haikuwa na mistari. Alikuwa hajawahi kuona ni chupa ngapi zinazotembea mjini zikiwa zimevuliwa kila kitu cha kuzitambulisha. Alikuwa akizipenda hivyo, safi, na sasa zilimtisha.

Yadi ilikuwa na ukuta wa mabati na harufu ambayo siku hiyo hakuisikia. Dada Magunia alikuwa amepinda mgongo kwenye pipa la maji, mikono mitupu hadi kwenye viwiko, anazamisha chupa na kuzitoa, anazamisha na kuzitoa. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache.

"Dada, acha!" Bibi Afya alisema, akishikilia ubavu. "Toa mikono. Tafadhali, toa mikono kwanza."

Dada Magunia akatoa mikono, akamwangalia. Bibi Afya akamwambia yote bila kuficha. Watu wawili waliokuwa wakifunga marobota wakasimama kusikiliza. Alipofika kwenye neno sumu mmoja akatema mate chini, akajifuta mdomo kwa shati.

"Gunia lako nimeshaliosha," Dada Magunia akasema. "Humu." Akaangalia pipa, kisha kilima cha chupa zinazong'aa juani, na ule mstari wa vikapu vilivyokwisha kujaa. "Kama iliingia humu, basi zote hizi ni hiyo hiyo."

Bibi Afya akakiendea kilima cha chupa. Alipiga magoti kwenye matope, akaanza kuinua chupa mojamoja na kupitisha kidole gumba tumboni mwake, akitafuta mistari ya msumari. Dada Magunia akanawa kwa sabuni ya kipande, akasugua mpaka ngozi ikawaka, naye akapiga magoti upande wa pili. Hakumlaani. Alisema kitu kimoja tu, bila kuinua kichwa. "Wale wasiojua kuchambua, taka zao nazishika kwa ndoana. Zako wewe nilikuwa nazishika kwa mkono." Bibi Afya alitamani angetukanwa.

Walipitia kilima chote. Walipitia vikapu vyote. Hapakuwa na chupa yenye mistari. Akaazima simu ya Dada Magunia, vidole vikikosea namba, na mumewe akapokea akihema.

"Nimempata," mumewe akasema. "Yuko hapa, nimemshika. Hajanywa kitu, kengele ndiyo imelia sasa hivi."

Bibi Afya akakaa pale pale kwenye matope, akalia kwa sauti mbele ya watu. Akasikia kwenye simu sauti ya mtoto ikiuliza kwa nini hapewi juisi leo. Mumewe akaendelea kusema kwamba amekagua chupa zote za Mjomba, na Mjomba, baada ya kubishana kidogo, amemwaga ndoo nzima ya juisi mtaroni. Lakini chupa yenye mistari hakuiona.

"Huku nako haipo," Bibi Afya akasema, na machozi yakakauka.

"Basi iko kwa nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Ingekuwa pipani ingejulikana. Ingekuwa kwa Mjomba ingejulikana. Sasa ilikuwa mkononi kwa mtu asiyemjua, anatembea nayo mahali fulani, pengine ameijaza maji, pengine anamgawia mwenzake.

Dada Magunia alikuwa anamimina pipa. Maji yalikwenda mtaroni yakichukua kazi yake ya siku nzima. "Niseme kitu?" akasema. "Gunia lako leo halikuwa na fundo lako. Wewe hufunga fundo la fundi nguo, nalivuta mara moja linafunguka. La leo lilikuwa limekazwa, nimelikata kwa kisu. Kuna mtu alilifungua kabla yangu."

Mtu alilifungua. Bibi Afya akafikiria roshani yake, na ile roshani ya jirani iliyogusana nayo, na watoto wa jirani wanaoruka huku na huku mchana kutwa kama paka. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kuchukua chupa za kuchezea. Juzi tu alimfukuza. Anayeweza kujua ni mama mkwe, aliyekuwepo asubuhi, na mama mkwe hana simu, husema simu ni mdudu wa sikio. Ilibidi aende mwenyewe.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Alikimbia panapokimbilika, akatembea ubavu ulipomkata, akakimbia tena. Muuza vocha alimwonyesha mkasi wake, hakusimama. Kwenye ngazi alimgongea jirani mlango kwa ngumi zote mbili. Watoto wa jirani wakatoka wote pamoja, wazima, midomo imejaa chakula, na mama yao nyuma yao akiuliza kulikoni Bibi Afya, kuna moto?

"Kuna aliyechukua chupa kwenye roshani yangu?"

Hakuna aliyechukua. Mkorofi mwenyewe aliapa, na safari hii macho yake hayakukwepa. Bibi Afya akamshika mashavu, akamtazama kope, hazichezi. Akamwachia. Mtoto akabaki ameduwaa.

Akaingia kwake. Alimwita mama mkwe, kimya. Kumbe tamthilia ilikuwa haijaisha, muziki wake ulipanda kutoka chini. Alitaka kumwita dirishani lakini sauti haikutoka, koo lilikuwa kavu, ulimi umegandamana na kaakaa. Akafungua friji. Jagi lilikuwa tupu, mtoto alilimaliza asubuhi na hakulijaza, sheria nyingine iliyovunjwa. Kando ya jagi palikuwa na chupa ya maji ya mama mkwe, imejaa, imetoka jasho kwa baridi. Akaichukua. Akafungua kifuniko kwa meno, maana mikono ilikuwa na matope, akanywa bila kuvuta pumzi, maji yakimshukia kifuani yenye baridi tamu, akanywa hadi chupa ikawa nusu. Yaliacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Siku zile kila kitu kilikuwa na uchungu.

Alishusha pumzi. Akabaki ameegemea friji, chupa mkononi, akisubiri moyo utulie ashuke kumuuliza mama. Kidole chake gumba kilikuwa kimekwisha zoea kazi ya mchana ule, kikawa kinapita chenyewe tumboni mwa chupa, kikifuta umande. Kikakwama.

Alikipitisha tena. Mkwaruzo. Chini yake mkwaruzo mwingine. Chini yake mwingine.

Akainua chupa kwenye mwanga. Haikuwa na lebo. Maji yaliyobaki hayakuwa maangavu kabisa, yalikuwa na ukungu mwembamba, kama maji yaliyosuuziwa bilauri ya maziwa.

Ndala zilisikika kwenye ngazi, taratibu, na mama mkwe akaingia akitweta. "Nimesikia unapita mbio kama umeiba," akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kumsemesha kwa mdomo. Kisha akaiona chupa, uso ukamchangamka wote. "Ah, umeshaiona! Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe. Sikununua maji leo. Nilifungua gunia lako kabla yule dada hajaja, nikachagua moja nzurinzuri, nikatafuta kifuniko kwenye kopo lako, nikajaza ya kuchemsha. Unaona? Hata mimi naweza kufundishika."

"Umeinywa, Mama?"

"Bado. Nilikuwa naisubiri ipoe, na nilitaka uione kwanza ukirudi, usije ukasema nakudanganya."

"Hata funda moja? Hata kuonja?"

"Nimekwambia bado. Mbona hivyo, mwanangu? Umefanya nini usoni?"

Hajanywa. Hilo alilishika Bibi Afya kwa nguvu zote kwa muda mfupi, kwamba mama hajanywa, mtoto hajanywa, watoto wa jirani hawajanywa. Chini pikipiki ilinguruma ikazimwa. Miguu midogo ikaanza kupanda ngazi kwa kurukaruka, na sauti ikatangulia mbele yake, "Mama! Nina kiu! Baba kaninyima juisi!"

"Mzuie," Bibi Afya akasema. "Mama, mzuie hapo mlangoni, asiingie jikoni. Na umwite mumeo — umwite mwanao. Mwambie asivue kofia, tunaondoka."

Hata maneno yalikuwa yanampotea. Mama mkwe hakuelewa, lakini aliisikia sauti, akatanua mikono mlangoni. Bibi Afya alifunga kifuniko, akakikaza sana. Akavua kimpira chekundu mkononi mwake, akakivisha shingoni mwa chupa, akakizungusha mara mbili, kisha akaikumbatia chupa kifuani ili asiyejua asiiguse na daktari apate kuiona. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa amekimbia, alijiambia, jua lilikuwa kali, mtu akikimbia hutoka jasho. Jichoni kope ilichezacheza, akaibana kwa kidole.

Mama mkwe alikuwa akimwangalia muda wote huo, ameshika mabega ya mjukuu wake. Uso wake mkubwa ulianza kuelewa kitu na kukikataa.

"Lakini mimi sikuisuuza tena," akasema, "kwa kuwa najua mikono yako. Wewe si uliiosha, mwanangu? Chupa za gunia lako si huwa unaziosha?"

Bibi Afya alifungua kinywa amjibu. Mate yalikuwa yamekijaa. Akayameza ili apate kusema, yakajaa mengine.